Chanjo ya Kwenda Nyotani

Asukile, mzaliwa wa Mbeya, alikuwa msemaji wa gari la sinema la serikali. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya turubai jeupe na kuwaeleza watu kwa Kiswahili yale waliyoyaona. Kutoka Mbeya hadi Iringa watu walimwamini, kwa sababu gari lile lilifundisha kuchimba vyoo, kutengeneza matuta na kuogesha ng'ombe. Halikujua porojo.

Jioni ile, huko Kilolo, alionyesha mkanda wa ndui. Ugonjwa ulikwisha kufika kijiji cha jirani, na asubuhi Yotamu, dresa wa zahanati, angechanja watu. Kisha akaweka mkanda wa pili. Kopo liliandikwa "Matuta", lakini ndani mlikuwa na mchezo wa Ulaya uliotengenezwa kwa ajili ya televisheni, kitu ambacho Asukile alikisoma gazetini tu.

Chombo cha chuma kikaruka kuelekea nyotani. Nahodha akatangaza kwamba sasa wanaushinda mwanga kwa mbio. Asukile akasita. Chuoni alifundishwa kwamba hakuna kinachoushinda mwanga. Hata hivyo, kazi ni kazi, akatafsiri.

"Mwalimu," akaita bibi mmoja, Mama Severina, "kama kimeushinda mwanga, sisi tunakionaje?"

Watu wakaangua kicheko. Asukile hakucheka.

"Mpeni nafasi," akasema Ambrosi, aliyewahi kukata mkonge Tanga. "Hawa wala ndizi wa Mbeya hawakosi jibu. Mwalimu, kinapakia watu wapi?"

Asukile akaona amebanwa. Akisema ni kweli, amedanganya. Akisema ni uongo, na ndui itaitwa uongo, na kesho hakuna atakayenyoosha mkono.

"Ndugu zangu, hii ni hadithi," akasema hatimaye. "Lakini ule wa ndui si hadithi."

"Turubai ni lile lile," akasema Mama Severina.

"Ndiyo, mama."

"Na sauti ni yako ile ile."

"Ndiyo, mama."

"Basi sisi tutajuaje?"

Watu wakatawanyika wakinong'ona.

Asubuhi alitarajia uwanja mtupu mbele ya kanisa. Akakuta foleni ndefu. Wanaume walikuwa mbele, wamebeba mablanketi na chakula cha njiani.

"Kumbe umekubali kwamba ndui ni kweli?" Asukile akamwuliza Ambrosi.

"Ndui naijua, ilimchukua dada yangu. Mimi nimekuja kwa ajili ya safari." Akashusha sauti. "Tulipokwenda mkonge, hakuna aliyepanda lori bila kuchanjwa. Jana mmeonyesha chombo, leo mmeleta chanjo. Mimi si mtoto, bwana."

"Lakini nilisema ni hadithi!"

"Ulisema. Nafasi zikiwa chache, hata mimi ningesema hivyo."

"Na wewe, mama, unasafiri?"

"Niende wapi na magoti haya?" akajibu Mama Severina, wajukuu wakimzunguka. "Ila siwezi kuwaachia wanaume kitu peke yao."

Asukile akamgeukia Yotamu. "Watu hawa wameelewa vibaya. Niwaambie tena?"

"Waambie. Mimi nachanja."

Akapanda juu ya kiti. Akatangaza, polepole, kwamba hakuna chombo, hakuna safari, kuna ndui tu. Walimsikiliza kwa adabu. Hakuna aliyetoka kwenye foleni.

"Tumekusikia, mwalimu," akasema Ambrosi, akikunja mkono wa shati. Akamkonyeza. "Hadithi tupu. Sasa huko, baridi yake inaizidi ya Mbeya?"

Asukile akashuka kitini, akamshikia mkono ili dresa afanye kazi yake.