Inasubiri Mhusika

Kompyuta ilinipa sababu nne za mtu kuondoka kazini. Ameacha. Amestaafu. Ameachishwa. Amefariki. Nilizisoma kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, kama mzazi anayetafuta jina la mwanawe kwenye matokeo ya mtihani na halioni. Pembeni yangu Baba alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni, kofia ameipakata. Viatu alikuwa amevipangusa mlangoni, ingawa sakafu yetu ilikuwa chafu kuliko viatu vyake.

"Hakuna ya tano?" aliuliza.

"Hakuna, Baba."

"Basi walioandika hawajawahi kupotelewa."

Mdogo wangu alikuwa fundi wa mitambo ya mawasiliano, katika ghorofa iliyo chini ya yetu. Kazini walimwita Waya, kwa wembamba wake, na kwa sababu hukumkuta hata siku moja bila kipande cha waya mfukoni. Mimi nilikuwa kwenye dawati la matatizo. Simu inalia, mtu analalamika: printa imegoma, nenosiri limekataa, mtandao umelala. Naandika, natoa namba, namtafutia fundi. Tatizo likishapata namba tunaliita tiketi, na tiketi haifi mpaka mtu aifunge.

Kulikuwa na hali moja ya tiketi tuliyoipenda kuliko zote. Iliitwa Inasubiri Mhusika. Unaiweka hapo fundi akishamaliza upande wake, na aliyelalamika hapokei simu, au kasafiri, au kasahau kwamba aliwahi kulalamika. Ikishakaa hapo hakuna anayekuuliza. Sisi wa dawatini tulisema tiketi hiyo imekwenda kwa wakwe, maana aliyekwenda kwa wakwe hafuatwi mbio.

Waya aliondoka asubuhi ya mvua kwenda kukagua mnara ng'ambo ya mto. Alipita mezani kwangu, akauchomoa mwavuli wangu nyuma ya kiti.

"Dada, huu nauchukua. Wewe mvua itakukuta wapi? Unakaa ndani kama chungu cha akiba."

Daraja lilichukuliwa na maji yeye na dereva wakiwa juu yake. Gari lilipatikana limelala ubavu kwenye matope. Dereva alipatikana, tukamzika. Mdogo wangu hakupatikana. Wazamiaji walitafuta, wakachoka. Vijana wa kando ya mto wakatafuta, nao wakachoka. Kisha Baba akatafuta peke yake, akishuka na mto na kuuliza kila kivuko, mpaka miguu ikamvimba na akarudishwa nyumbani amekaa nyuma ya pikipiki ya mtu asiyemjua.

Nyumbani hatukuweka matanga. Mama alikataa.

"Mimi siziki jina," alisema. "Nileteeni mtu."

Wakati mwingine jirani alikuja, kichwa ameinamisha, sauti ameipunguza. Mama alimtazama tu, akamuuliza kama ameumwa koo. Aliyeendelea na sauti ya msiba alionyeshwa mlango. Watu wakajifunza. Wakawa wanamsalimu kwa sauti ya kila siku, wanamuuliza bei ya mkaa, wanaondoka. Kwa Mama mwanawe alikuwa amechelewa, na mtu aliyechelewa halililiwi.

Kazini nako tulimfanyia vivyo hivyo, bila kikao wala makubaliano. Idara ya utumishi ilituma tiketi: fungeni akaunti ya mfanyakazi huyu. Kwa zamu iliniangukia mimi. Mwenzangu wa meza ya pili, shoga yangu wa miaka mingi, alinyoosha mkono juu ya kibodi yangu kabla sijamaliza kusoma. Akaiweka Inasubiri Mhusika.

"Kaenda kwa wakwe," alisema. Hakucheka, nami sikucheka.

Tiketi ikizeeka, mmoja wetu aliigusa kidogo na kuirudisha palepale. Mafundi walijua. Bosi alijua; ikitajwa, alikuwa ghafla na jambo la kuangalia dirishani. Nilipofungua orodha ya wafanyakazi asubuhi, jina la mdogo wangu lilikuwa mahali pake, kati ya mtu wa stoo na mlinzi wa zamu ya mchana. Nilikuwa nalitazama, nafunga, naanza kazi. Sikuhitaji zaidi ya hapo. Watu wanafikiri tumaini ni kitu kikubwa. Langu lilikuwa mstari mmoja kwenye orodha.

Kisha akaja Mtaalamu.

Aliletwa kuunganisha mifumo miwili. Wa kwanza ni huu wetu, unaojua kilichoharibika. Wa pili ni ule wa vibali, unaojua nani ni nani: mtu huyu ni mfanyakazi, mlango huu anaufungua, faili ile haruhusiwi kuiona. Mifumo hiyo haikuwa ikisemezana. Sisi ndio tuliokuwa midomo yao, tukibeba maneno ya huku kuyapeleka kule, na aliyetumwa na binadamu mwenzake anaweza kuchelewa njiani kwa makusudi. Mtaalamu alitaka maneno yapite yenyewe. Alikuwa kijana mpole, anasalimia hadi wafagizi.

"Ikishaungana, mama zangu, mtapumzika," alituambia.

"Tutapumzika au tutapumzishwa?" shoga yangu akamuuliza, na ofisi nzima ikacheka, yeye mwenyewe akiwamo.

Kabla ya kuunganisha alifanya majaribio kwa watu wa kubuni. Aliwaajiri asubuhi, akawapa kadi za mlango, akawapandisha vyeo adhuhuri, na jioni akawastaafisha au akawaua. Kila mara mambo yalikwenda sawa. Wale watu walikufa vizuri sana. Hawakuwa na ndugu, hawakuwa na rafiki, hawakuwa wamekaa na mtu meza moja.

Siku ya kuunganisha, mfumo wa vibali ulipitia akaunti zote na kuuliza kila isiyokuwa na mwenyewe: huyu yuko wapi? Tiketi ya Waya ikapanda juu ikiwa nyekundu. Nikaiweka pale pa siku zote. Ikakataa. Upande wa pili ulitaka sababu.

Mtaalamu alikuja akainama kando ya meza yangu. "Dada, hii inazuia nyingine zote. Ni ya nani?"

"Ya mdogo wangu."

Nadhani alikuwa ameshajua habari ya mto, ila hakujua kwamba aliyepotea ni wangu. "Nikiiruka itarudi," alisema taratibu. "Nimeitengeneza irudi."

Utumishi walisema hawaandiki sababu yoyote bila kauli ya mzazi. Ndiyo maana Baba alikuwa kwenye kiti cha wageni.

Nilimwambia tunaweza kuchagua ya kwanza, Ameacha. Haikuwa na ubaya. Watu huacha kazi kila siku.

Baba aliitazama skrini kwa muda. Maisha yake yote alitengeneza springi za malori, na hakuwa mtu wa kukimbilia neno.

"Mwanangu hakuacha kazi," alisema. "Alikwenda kazini."

"Basi tufanyeje?"

"Bonyeza la mwisho."

"Na Mama, je?"

"Hili ni la hapa. La hapa libaki hapa. Mama yako tumwachie lake."

Nikabonyeza.

Sikutegemea ingekuwa haraka namna ile. Kadi ya mlango: imekamilika. Barua pepe: imekamilika. Simu ya mezani, kabati la vifaa, ufunguo wa mnara: imekamilika, imekamilika, imekamilika. Mistari ilishuka ikifuatana kama watu wanaotoka ukumbini. Nilipofungua orodha, mtu wa stoo na mlinzi walikuwa wamekaribiana, hakuna nafasi kati yao.

"Wepesi kweli," Baba alisema. "Na mimi mto mmoja umenishinda kuumaliza."

Nilimsindikiza hadi getini. Alitaka kutembea kidogo kabla ya kwenda nyumbani, ili Mama asimwone usoni. Nilimwacha, nikapanda ngazi.

Shoga yangu alikuwa amesimama, simu mkononi. Mtaalamu alikuwa kwenye kiti changu.

Kulikuwa na hatua ya mwisho. Zamani mtumishi akifariki, karani wa utumishi aliipigia familia kwanza, akauliza kama watu waambiwe na waambiwe nini, ndipo akaandika tangazo. Mtaalamu alilipachika tangazo hilo kwenye mnyororo wa hatua zinazokwenda zenyewe, pamoja na mengine. Kwa masikitiko makubwa tunawajulisha kwamba mwenzetu amefariki dunia. Lilikwenda kwa kila mtu aliyewahi kufanya kazi na Waya, katika kila tawi, pamoja na anwani ya nyumbani kwetu.

"Unaweza kulirudisha?" nilimuuliza.

"Kwenye majaribio halikumfikia mtu yeyote," alisema. Alirudia tena, kwa sauti ndogo, kana kwamba anajieleza kwa mama yake. "Halikumfikia mtu."

Siku hizi Mama naye hayupo, na Baba hapendi niitaje siku ile. Ndiyo sababu naandika. Nikiacha, itabaki kwenye kompyuta tu, na kule imeandikwa kwamba kila kitu kilikamilika.

Bosi alinipeleka nyumbani kwa gari lake. Tulikwenda kasi, lakini mafundi wa minara walikuwa na karakana karibu na kwetu, na wao walimpenda Waya. Nilipoingia getini walikuwa wamesimama uani na ovaroli zao, kofia mikononi. Wawili walikuwa wanalia kwa sauti, kama wanaume wanavyolia wanapokuwa wamesubiri sana ruhusa.

Mama alikuwa katikati yao, mikono ina povu la sabuni. Alikuwa halii. Aliponiona alinijia mbio, akanishika mkono kwa nguvu, na uso wake ulikuwa na mwanga ambao sikuwa nimeuona tangu mvua ile.

"Wamempata?"

"Mama..."

"Wamenipa pole. Mtu hapewi pole mpaka aliyepotea apatikane. Yuko wapi? Nipeleke nikamwone."

"Hajapatikana, Mama."

Aliwageukia. Akawatazama mmoja mmoja, ovaroli, kofia, macho. Kisha akanitazama mimi.

"Sasa wanamlilia nani?"

Nyuma yetu geti lililia tena; walikuwa wameanza kufika wa matawi mengine, na kule mwisho wa njia nilimwona Baba, amesimama, ameona umati, haji. Mama aliniachia mkono. Alijifuta povu kwenye khanga, akaingia ndani, akaanza kutoa viti.