Mistari Miwili ya Kinanda

Pale maabara walimwita Kinanda, kwa sababu alikuwa hafanyi kazi bila kuimba puani. Asubuhi hiyo alikuwa kimya, na ukimya huo ndio uliomfanya mwalimu wake, mama wa makamo mwenye miwani mizito, aache chai yake mezani na kuja kuchungulia.

"Kulikoni, mwanangu?"

"Mashine imenishinda, Mwalimu. Mwanga ukipita kwenye gesi hii, natakiwa nione mistari miwili myeusi. Mimi napata mmoja tu, mnene kama mkanda. Wakaguzi wanakuja mchana. Nikiwaonyesha hivi, masomo yangu ndiyo yameishia hapa."

Begi lake lilikuwa chini ya meza, limeshafungwa. Mwalimu aliliona, akajifanya hajaliona.

"Gesi umetia kiasi gani?"

"Nimejaza bomba pomoni. Si ndiyo mistari ionekane vizuri?"

Mwalimu akacheka, kicheko kisicho na kejeli. "Umepakua kama unakaribisha mgeni! Hebu niimbie kidogo."

"Sasa hivi?"

"Sauti moja tu, usiibadilishe."

Kinanda akaanza, mmmm. Mwalimu akampiga kikumbo begani, sauti ikakatika. Akaanza tena, akapigwa kingine, mpaka wote wawili wakawa wanacheka.

"Sasa Mwalimu, nitaimbaje nikisukumwa hivi?"

"Na molekuli zako je? Kila moja ina sauti zake mbili, yaani rangi mbili za mwanga inazozimeza; ndiyo mistari yako. Umezibana humo, zinagongana, hazimalizi wimbo. Sauti iliyokatwakatwa haikai mahali pamoja, inatapakaa huku na huku. Mistari yako imetapakaa mpaka imeshikana."

Kinanda akalitazama bomba. "Lakini nikipunguza gesi, si itafifia?"

"Jaribu."

Akawasha pampu ya kunyonya gesi. Gesi ikapungua polepole. Kwenye skrini ule mkanda ukaanza kukonda, wala weusi wake haukufifia. Kisha katikati pakaingia ufa mwembamba wa mwanga, ukapanuka, na mistari ikasimama miwili, kila mmoja peke yake.

Kinanda akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Nenda kanawe uso kabla wageni hawajafika," alisema Mwalimu, huku akilisukuma lile begi kwa mguu hadi nyuma ya kabati.

Chai ilikuwa imeshapoa. Aliinywa hivyohivyo, akisikiliza sauti ya Kinanda ikitoka ukumbini: mmmm, wimbo mzima, bila wa kuukatiza.