Maungamo ya Kukariri

Simu iliegemezwa kwenye kopo la maziwa ya unga, na Valentin alikaa mbele yake akiwa na sare yake ya ulinzi, kofia mapajani, mgongo umenyooka kama wa mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Mkewe, Murielle, alikaa upande wa pili wa meza, mahali kamera isipofika.

"Nilimpiga ngumi ya mdomo," Murielle alisema kwa Kiingereza, polepole.

Valentin akarudia, akakosea, akarudia tena.

Mahakama haikumfunga. Ilimpa saa za huduma kwa jamii, na kwa kuwa siku hizi kila kitu kiko mtandaoni, akaruhusiwa kuzitumikia kwenye simu: atazame video za wanaume waliotubu, ajibu maswali, na mwisho asimulie kosa lake kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya afisa. Hiyo jamii aliyotakiwa kuihudumia haikuonekana popote kwenye kioo. Akimaliza, kesi inafutwa. Asipomaliza, anarudi kizimbani, na mtu mwenye hatia hapewi tena geti la kulinda kwa matajiri wa Sandton wala kwingineko.

Kiingereza cha Valentin kilikuwa cha getini: karibu bosi, saini hapa, na sharp ya kusema sawa. Video zilimshinda tangu ya kwanza. Yeye alikuwa Mrundi wa Bujumbura, Murielle Mkongo wa Uvira. Walikutana hapa hapa ugenini, mtaa wa La Rochelle, wakapendana na kugombana kwa Kiswahili. Kiingereza alikuwa nacho Murielle, alikiokota saluni akisuka nywele za watu. Basi video alitazama yeye na maswali akajibu yeye, huku Valentin akikaa tu kuonyesha uso kila simu ilipoutaka, mara nyingine akisinzia. Je, mwenzi wako anakuogopa? Murielle alibonyeza ndiyo. Aliyepigwa ndiye aliyekuwa akitumikia adhabu, na pale nyumbani hakuna aliyeona ajabu.

Akina mama wa kanisa walikuwa wamekwisha kuja. Mkubwa wao, Mama Célestine, alimweleza bila kupaza sauti kwamba mwanamke aliyemtia mumewe mikononi mwa polisi ndiye wa kumtoa, na kwamba afikirie mtoto wake Annick atakula nini. Polisi waliitwa na jirani, si Murielle. Alitaka kulisema hilo, akaona halitamsaidia kitu.

Murielle aliwaambia polisi habari ya siku ile tu, mdomo uliopasuka na jino lililong'oka. Ya wakati wa baridi hakuwaambia. Alikuwa na mimba ya miezi minne Valentin alipompiga teke pale karibu na jiko la gesi, na hospitalini alisema ameteleza bafuni, maana Valentin alikuwa amesimama kando ya kitanda ameshika karatasi zao za ukimbizi. Tangu hapo hakanyagi pale. Chumba ni kimoja na jiko ni hilo hilo, kwa hiyo hupika akiwa amesimama pembeni, mkono ameunyoosha, kana kwamba kuna mtu amelala sakafuni. Annick alishamuuliza kwa nini. Alimjibu kwamba moto ni mkali.

Katika maneno aliyomkaririsha mumewe, kama mtoto anavyokaririshwa katekisimu, Murielle alipenyeza sentensi moja zaidi. Aliamini afisa akiisikia hatanyamaza. Atauliza, ataandika, atamtuma mtu aje. Hilo ndilo tumaini alilobaki nalo.

"Eish, hii ndefu," Valentin alisema. "Inasema nini?"

Ni ya kuomba msamaha, Murielle akamwambia. Valentin akaikariri vizuri kuliko zote.

Siku ya mwisho ilipofika, Annick alipelekwa kwa jirani kutazama katuni. Alasiri afisa akatokea kwenye kioo, shati jeupe, kikombe cha kahawa mkononi, akamwambia Valentin aanze.

Valentin alisema ya ngumi. Akasema ya jino. Kisha, kwa Kiingereza kilichonyooka, akasema mkewe alikuwa mjamzito alipompiga teke, na mtoto akafia tumboni. Kwa miezi mingi Murielle alikuwa ameingoja sauti ile iyaseme maneno yale. Alifurahi, na furaha yenyewe ikamtia hofu.

Afisa aliweka kikombe chini. "Mtoto?" aliuliza. "Mtoto gani?"

Hilo neno Valentin alilijua. Aligeuza macho taratibu kumtazama mkewe.

Afisa aliuliza nani mwingine yuko chumbani, akaomba aje aonekane. Murielle akazunguka meza, akakaa bega kwa bega na mumewe ili wote wawili waenee kwenye kioo.

"Mama, ni kweli anachosema?"

"Ni kweli."

Afisa alipangusa uso kwa kiganja. Alizungumza kwa upole. Jambo hilo halimo kwenye mashtaka, alisema. Akiliandika, faili linarudi kwa mwendesha mashtaka, saa zote alizotumikia baba hapa zinapotea, kesi inaanza upya, na kwa watu wenye karatasi za ukimbizi yeye hawezi kuahidi lolote. Lakini kama limesemwa kwa kutubu tu, basi ni sehemu ya mafunzo, na anaweza kutia saini sasa hivi.

"Uamuzi ni wako, mama. Hakuna anayekulazimisha."

Mkono wa Valentin ulikuwa umegusana na wake. Haukumshika. Murielle alimtazama afisa, akangoja amwambie leo atalala wapi yeye na mwanawe, kama atamjibu aandike. Afisa alichukua kikombe akanywa.

"Tia saini," Murielle alisema.

Afisa akashukuru. Alisema wanaume wengi humaliza mafunzo haya wakijitetea mpaka siku ya mwisho, na kwamba Valentin ni mfano kwa wenzake. Angependa siku moja azungumze nao. Akampongeza kwa Kizulu, kwa kumchangamsha, akatoka. Cheti kiliingia kwenye simu papo hapo.

Valentin alikifungua, akalisoma jina lake. Aliinuka, akafunga mlango kwa ufunguo, akarudi kitini.

"Mama Annick, usiondoke hapo."

Murielle hakuondoka.

"Ile ya kuomba msamaha. Niambie kwa Kiswahili."

"Baba Annick, si umekwisha kusamehewa? Kesi haipo tena."

"Kesi haipo," Valentin alikubali. "Niambie. Kipande kwa kipande, kama ulivyonifundisha."

Nje Annick alisikika akicheka na watoto wa jirani, akiwasemesha Kizulu. Murielle alilitazama jiko.

"Mke wangu alikuwa na mimba," alisema.

Valentin hakurudia. Alikuwa akingoja kipande kinachofuata.