Wanaomfuata Kibwana

Gizani, kabla ya adhana ya alfajiri, kuku alipiga chafya chini ya kitanda. Zuhra alimsikia akirudia, akawasha tochi ya simu. Alikuwa tetea mweusi mwenye kitambaa chekundu mguuni, alama ya nyumba yao, na shingo ilikuwa imeanza kupinda.

"Mwite mjomba Kibwana kabla hajawa kibudu," alisema mumewe, Amri, bila kugeuka.

Kibwana ndiye aliyekuwa akiwachinjia kuku watu wa kitongoji kizima. Ugonjwa ulipoingia huku njia ya Dimani, mwisho wa masika, hakuna aliyejua ulikotoka. Wengine walisema mdondo, wengine walisema upepo. Lililojulikana ni kwamba kuku akishapinda shingo hana muda, na akifa bila kuchinjwa haliwi. Basi Kibwana aliitwa nyumba hii, akachinja, akafuta kisu kwenye msuli aliojifunga, akaitwa nyumba ya pili. Hakutaka malipo zaidi ya firigisi. Watu walikula kuku kuliko Idi, na kila alikopita, kuku waliobaki nao wakaanza kupiga chafya.

Haukupita muda, kuku waliochinjwa wakarudi. Walitokea jua linapozama, wakajipanga nyuma ya Kibwana. Koo zao zilikuwa zimekatwa vizuri, kwa kuelekezwa kibla, na hazikuvuja. Hawakula wala hawakuchafua uwanja wa mtu. Kila nyumba iliwatambua wake kwa vitambaa vya miguuni. Kibwana akienda dukani, walikwenda. Akiingia msikitini kusali magharibi, walimngoja nje, kwenye viatu.

"Mjomba, leo umeoa wangapi?" wanawake walimtania bombani.

"Wananipenda tu hawa. Mngenipenda nyie hivi, ningekuwa mbali."

Kwa Bibi Mwanajuma hakufa kuku hata mmoja. Bibi huyu alikuwa mjane, jirani yake Zuhra ukuta kwa ukuta. Ndiye aliyekaa na Muzdalifa, binti wa Zuhra, kila jioni Zuhra alipokwenda darasa la watu wazima kusomea mtihani wa sekondari. Bila yeye darasa lisingekuwapo. Kuku wake aliwatia matone ya chanjo machoni, akawafungia ndani ya uzio wa makuti, na mlangoni akaweka beseni la maji ya sabuni. Hakuna aliyeingia bila kunawa miguu.

"Nawa, mwanangu. Unatoka kwenye vifo na miguu hiyo."

Watu walinawa. Wakitoka walinong'ona kwamba bibi anakusanya nyayo zao kwenye maji.

Mwenyekiti wa kitongoji aliitisha mkutano baada ya magharibi. Kibwana alikaa mbele, pale anapokaa siku zote, na kuku wakajaa nyuma yake hadi akina mama wakalazimika kusogea.

"Tatizo letu si kuku waliokufa," mwenyekiti alianza. "Hao tunao hapa. Tatizo ni wasiokufa. Kwa nini kwake hawafi?"

Mwanajuma akaeleza habari ya matone. Akaeleza pia habari ya kisu kimoja, na miguu inayotoka banda hili ikaingia banda lile. Hakupandisha sauti.

"Na maji ya nyayo zetu unayapeleka wapi?" mwenyekiti aliuliza.

"Nayamwaga."

"Unayamwaga wapi, bibi?"

"Mgombani."

Mkutano ukaguna.

Zuhra akasimama. "Mwenyekiti, kuku wote hawa wamekaa nyuma ya mtu mmoja. Hatuwezi kuuliza kwa nini?"

"Kuku hatoi ushahidi, dada. Au darasani kwenu wamewafundisha hivyo?"

Watu walicheka. Kibwana hakucheka. Alimsogeza jogoo aliyekalia kandambili zake, akasema kwa upole, "Mie nawasaidia tu, mwanangu, msile haramu." Na ilikuwa kweli. Alikuwa mtu mwema, aliyewaosha maiti wao na kuwashikia watoto wao jandoni, na hakuna aliyetaka kumfikiria vingine.

Mwanajuma aliambiwa ahame. Binti yake aliyeolewa Mohoro akamtumia bodaboda, na tenga la kuku wazima likafungwa nyuma.

"Usiache shule," alimwambia Zuhra.

"Mtoto nitamwacha na nani, bibi?"

Bibi alimfuta Muzdalifa kamasi kwa ncha ya khanga, akapanda pikipiki.

Kuku waliendelea kufa. Ikasemwa kwamba kazi ya mkono wa yule bibi ni nzito, haiondoki kwa siku moja. Kuku waliochinjwa waliongezeka, na watoto walizoea kuwapisha njiani kama wanavyopisha mbuzi.

Zuhra aliweka beseni la maji ya sabuni mlangoni pake. Amri alilimwaga, akalirudisha jikoni.

"Unataka na sisi tuhame?"

Jioni, saa za darasa, Zuhra alikaa kwenye mkeka, daftari la hesabu mapajani, akimtazama tetea wa mwisho mwenye vifaranga. Alikuwa amesinzia, bawa moja limelegea. Zuhra alimfunika kwa khanga, akasema labda ni baridi. Amri hakubishana naye. Alikuwa ameshatuma mtu.

Nje pakasikika kandambili, na nyuma yake miguu mingi midogo ikikwaruza mchanga. Muzdalifa alikimbia kufungua mlango, akageuka.

"Mama, babu Kibwana amekuja na kuku wetu."