Mtu Nyuma ya Pazia

Siku ya ukaguzi, karakana ya Mama Riyadh pale Sarang'ombe, Kibera, huwa safi kuliko zahanati. Barakoa mpya zinatolewa kwenye pakiti, bango la haki za wafanyakazi linabandikwa ukutani, na watu wazima tunakaririshwa majibu kama watoto wa nasari. Wageni wakishaondoka, barakoa zinarudi kwenye pakiti na bango linakunjwa. Maigizo hayo yalikuwa yamenichosha, lakini nilinyamaza. Kazi ni kazi.

Mume wangu Benard ndiye mkata mifupa. Miaka tisa sasa anasukuma mifupa ya ng'ombe kwenye msumeno wa umeme, na vumbi jeupe linamjaa hadi kwenye kope. Mimi natunga shanga zinazotokana na mifupa hiyo nyumbani kwetu mtaa wa Kongo, kule Kawangware, kama wanawake wengine wanaochukua kazi kwa Mama Riyadh. Mikufu ikikamilika inakwenda ng'ambo, kwa kampuni ya mapambo. Tangu mwaka jana Benard anakohoa. Daktari alituambia wazi kwamba ni vumbi, na kwamba akizidi kulivuta, mapafu yake hayatapona tena.

Kwa hiyo Jumanne ile ya ukaguzi Mama Riyadh alimwambia abaki nyumbani, siku yake italipwa, ili mkaguzi asisikie kikohozi. Alimwambia kwa upole, na upole huo ndio ulionikasirisha zaidi, kwa sababu huyu mama siwezi kumchukia. Mtoto wetu Austine alipozaliwa, alinitunza siku arobaini nzima, akinipikia uji na kunikanda kwa mafuta kama binti wa Kinubi mwenzake, ilhali mimi ni Mjaluo wa kutoka Siaya.

Kitu kimoja hakukifikiria. Hakuna mkaguzi aliyewahi kuuliza shanga zinatungwa wapi. Huyu wa safari hii, kijana aitwaye Muchiri aliyetumwa na kampuni, alisema anataka kuufuata mkufu tangu mfupa hadi uzi. Akamwomba Mama Riyadh waingie garini, waende Kawangware. Wakiwa wameketi bega kwa bega, angenipigiaje simu kunionya?

Niliwaona wakiwa tayari mlangoni. Benard aliruka nyuma ya pazia linalotenga kitanda. Muchiri akaketi kwenye stuli, akauliza ninaanza kazi saa ngapi, kama mtoto hunisaidia, kama macho yananiuma. Nilijibu vizuri, mengine ya kweli na mengine ya kukariri. Halafu kikohozi kikatoka nyuma ya pazia.

"Nani huyo?" Muchiri akauliza.

Mama Riyadh alinitazama. Oda ikikatwa, watu thelathini wa Kibera na Kawangware wanakosa kazi, na wengi wao nawajua hadi watoto wao. Nikasema ni jirani, amekuja kujipumzisha. Upuuzi mtupu. Jirani gani anajipumzisha kwenye kitanda cha mke wa mtu?

Muchiri hakucheka. Kikohozi kilizidi, kile kirefu kinachomkunja mtu, mpaka ikawa kama pumzi imekwama. Nami nimeganda na sindano mkononi, nalinda uongo wangu. Aliyeinuka ni Mama Riyadh. Alichota maji kwenye mtungi, akapita nyuma ya pazia bila kuomba ruhusa, na tukamsikia akimsugua mgongo.

"Pole, Benard. Pole, kijana yangu. Kunywa polepole."

Alipolifungua pazia, kikombe kilikuwa bado mkononi.

"Huyu ni fundi wangu," akamwambia Muchiri. "Nilimficha. Andika. Lakini uandike pia kwamba mashine ya kunyonya vumbi nimewaomba wakubwa wako mara tatu tusaidiane kununua, wakaniambia hiyo ni shida yangu. Halafu wanataka mzigo haraka, na bei wanashusha."

Muchiri alitoa simu yake. Alikuwa na uso wa mtu mwenye mama, na nilimpenda kwa kutotudanganya. Alisema akiandika, kampuni inaweza kuja kurekebisha, au inaweza kuhamia karakana nyingine na kutuacha, na yeye hana uwezo wa kuahidi lolote. Kisha akamgeukia Benard.

"Ni mwili wako, bro. Unataka niandike?"

Miaka tisa, hakuna aliyewahi kumuuliza Benard anataka nini. Hata mimi. Alinitazama, na niliona anaogopa sawa na mimi.

"Andika," akasema. "Nataka kuona Austine akimaliza shule. Lakini waambie wasitoroke. Wamevaa hizi shanga miaka yote, wakuje tutengeneze pamoja."

Muchiri aliandika, vidole vikienda taratibu kwenye simu. Akasema fomu inataka shahidi, mtu aliyekisikia kikohozi hicho tangu kilipoanza. Akaniuliza, bila ukali, mimi ni nani kwa huyu jamaa.

Machozi yalinitoka mbele ya mgeni, na sikuyafuta.

"Mimi ni Nereah, bibi yake," nikasema. "Nimemsikia kila siku, nikanyamaza. Andika jina langu chini ya lake."