Maji ya Moto Juu ya Miiba

Giza lilikuwa bado halijaondoka Mizuho aliposikia kifuniko cha birika kikigonga, kidogo tu, kama kuna mtu amekizuia kwa kidole kisipige kelele. Kisha maji yakamiminwa kwenye bakuli. Kikapita kimya, na ndani ya kimya hicho akamsikia mtu akivuta mchuzi wa moto kwa midomo, funda moja, akapumua, halafu funda la pili.

Alikuwa baba mkwe wake, mzee Tokuji. Kila jioni Mizuho alipopika samaki wa mchuzi, mzee alikula chumbani kwake, na alfajiri akaja jikoni na mabaki yake, kichwa, ngozi na miiba, akayamwagia maji ya moto na kunywa peke yake, wima, bila kuwasha taa. Mizuho alikuwa akiisikia sauti hiyo tangu Oktoba. Sasa ni Juni, na hakuna hata siku moja aliyoinuka kitandani. Alijigeuza tu upande wa pili, akamvuta binti yake Sayo kifuani na kujifanya amelala, ingawa hakukuwa na mtu wa kumdanganya. Mumewe Yasuhiko alikuwa anakoroma.

Ila asubuhi hii alilala macho wazi akiyahesabu masaa. Ijumaa. Jioni wifi yake Fumie angefika na gari kutoka Hiroshima, alale, na kesho amchukue mzee akaishi naye. Siyo kwa wiki wala kwa mwezi. Amchukue moja kwa moja.

Yasuhiko aliamini kwamba baba yake anahama kwa sababu Hiroshima kuna hospitali kubwa na barabara zisizo na vilima. Fumie aliamini hivyo hivyo. Mizuho peke yake ndiye aliyejua, na jambo lenyewe lilikuwa dogo hata aliona haya kulitamka.

Oktoba iliyopita mama yake mzazi alikuja kutoka Kobe kuwatembelea. Bibi Ritsuko ni mtu wa kupanga karoti kwenye sahani kama anayepanga maua. Siku ya kwanza Mizuho alipika gayogayo, wale samaki bapa wanaoshuka bandarini pale Hamada wangali wanang'aa, akawachemsha na tangawizi na sosi ya soya kidogo. Wakala vizuri. Mzee Tokuji alipomaliza nyama yake, alinyoosha mkono akachukua birika na kumwaga maji ya moto juu ya miiba, kama alivyofanya maisha yake yote, kama walivyofanya wazazi wake na kila mtu katika mitaa ile ya bandarini. Nani atupe kichwa cha samaki kikiwa bado na utamu? Akainua bakuli akavuta funda la kwanza, kwa sauti.

Bibi Ritsuko aliacha kula. Aliweka vijiti vyake chini akamtazama binti yake. Ni mtazamo tu, wala hata haukuchukua muda, lakini Mizuho alihisi masikio yakimwaka moto. Akasimama, akalichukua bakuli kutoka mikononi mwa mzee, akasema, "Baba, daktari amekataza chumvi. Hii si nzuri kwako." Akalipeleka kwenye sinki na kufungulia bomba.

Daktari alikuwa amesema gramu sita za chumvi kwa siku, hilo ni kweli. Mizuho alizipima gramu hizo kwa mizani kila siku, akajifunza kupika kwa ndimu na tangawizi na supu ya mwani mkavu mpaka majirani wakaja kumwuliza anafanyaje. Maji ya miiba yangeingia ndani ya hesabu hiyo bila shida. Alijua alipokuwa anasema. Alijua maneno yakiwa bado mdomoni.

Mzee alibaki na mikono hewani, imeshika umbo la bakuli. Halafu akaishusha juu ya magoti. "Sawa," alisema.

Kesho yake aliomba chakula chake kipelekwe chumbani. Alisema magoti yanamuuma akikaa chini mezani. Miaka sabini na sita alikuwa anakaa chini kwenye meza ile ile, miaka arobaini kati ya hiyo akirudi kutoka kiwanda cha barafu na vidole vilivyokufa ganzi, na hakuna aliyewahi kusikia habari za magoti. Wote wakaamini. Februari akampigia simu Fumie, ambaye tangu mama yao afariki alikuwa akimbembeleza ahamie kwake na kukataliwa kila mwaka, akamwambia kwamba sasa yuko tayari.

Basi Ijumaa ile Mizuho aliapa moyoni kuwa atasema. Atasema asubuhi, mzee atakapokuja kunywa chai. Lakini Yasuhiko alikuwepo akitafuta soksi. Atasema mchana. Mchana mzee alikwenda makaburini kumuaga mkewe akakaa huko mpaka saa tisa. Mizuho akaenda sokoni. Mama muuza samaki alipomwona anachagua gayogayo wakubwa watano alimtania kwamba leo kuna mchumba anakuja kuposa au vipi. Mizuho akajaribu kucheka. Yule mama akamtazama usoni, akaacha utani, akamwongezea wa sita mdogo.

Alipika kama anayepika kwa mara ya mwisho. Aliwachanja samaki mgongoni, akawamwagia maji ya moto kuondoa shombo, akawalaza kwenye sufuria wasipandane. Mvinyo wa mchele, tangawizi, sukari kiasi cha ncha ya kijiko, sosi ya soya kwa kupima. Akawafunika kwa kile kifuniko cha mbao kinachozama ndani ya sufuria, mchuzi ukawa unapanda na kushuka juu yao. Spinachi aliichemsha kwa dakika moja, akaikamua na kuichanganya na ufuta aliousaga mwenyewe. Tofu, ile jibini laini ya soya, aliiacha baridi kwa sababu ya joto la Juni, juu yake majani ya vitunguu na tangawizi mbichi. Mikono ilijua kazi. Mdomo ndio ulioshindwa.

Fumie alifika saa kumi na mbili, mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kujaza nyumba. Na kwa kuwa kuna mgeni, mzee Tokuji alitoka chumbani akaja kukaa mezani na wenzake, mahali pake pa zamani.

Sayo alimtazama babu yake akikunja miguu. Alikuwa na miaka mitano na hakuna kilichompita. "Babu, magoti yako yamepona?"

"Yamepona leo," alisema mzee.

Mizuho aliinama akashughulika na wali.

Fumie aliisifu kila sahani. Alisema wifi yake anapika chakula cha hospitali ambacho mtu angejiuguza makusudi akile. Akamwonya baba yake kwamba Hiroshima asitegemee mambo kama haya, huko ni vya kukaanga na vya kununua.

"Na mumeo hapiki?" aliuliza mzee.

"Mume wangu, Baba? Yule hata maji yanamuungulia."

Wakacheka wote, hata Yasuhiko ambaye si mcheshi. Fumie akaeleza jinsi huyo huyo asiyejua kuchemsha maji alivyofunga vyuma vya kushikilia bafuni kwa ajili ya mzee, wiki mbili nzima, akivunja vigae na kuvirudishia, na jinsi alivyomhamishia Fumie cherehani yake ukumbini ili chumba kiwe wazi. Majirani wameshaambiwa. Kuna wazee watatu mtaani wanaocheza dama, wanamsubiri.

Mzee alikuwa amemaliza samaki wake. Alimaliza kama kawaida yake, safi, nyama yote hata ya mashavuni, miiba imelala kwenye bakuli kama kitana. Akaweka vijiti chini. Mikono akaiweka juu ya magoti.

Mizuho aliona mikono ile. Akainuka bila kufikiri, akaleta birika kutoka jikoni, akapiga magoti kando ya mzee na kuliinamisha juu ya bakuli lake.

Mzee akafunika bakuli kwa kiganja. "Chumvi, mwanangu," alisema.

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ingekuwa nafuu. Mvuke wa birika ulikuwa unapanda kati yao, na Fumie, asiyejua kitu, alikuwa ameanza kusema kwamba ni kweli, lazima waangalie chumvi.

"Haikuwa chumvi," alisema Mizuho. Sauti yake ilitoka nyembamba. "Siku ile, Baba. Mama yangu aliniangalia, nikaona aibu. Niliona aibu kwa ajili yako, nikasingizia daktari."

Yasuhiko alimtazama mkewe, halafu baba yake, halafu mkewe tena, kama mtu aliyeingia katikati ya mazungumzo ya chumba kingine.

"Nilijua," alisema mzee. "Chumvi haimfanyi mtu awe mwekundu masikio."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri wewe useme." Alifikiri kidogo. "Halafu nikaona labda unaona aibu kila siku, si siku ile tu. Nikaona nisiwaharibie meza yenu."

Mizuho alitaka kusema sivyo, hata siku moja sivyo, kwamba mezani pale palikuwa baridi tangu aondoke, kwamba kila alfajiri alimsikia na kila alfajiri alikuwa mwoga. Alisema machache kati ya hayo. Mzee aliondoa kiganja chake juu ya bakuli. Mizuho akamimina. Maji yakapita juu ya miiba, mafuta kidogo yakaelea, harufu ya tangawizi ikapanda. Mzee akainua bakuli kwa mikono miwili akavuta, kwa sauti, mbele ya watu wote.

Baadaye, wakati wa kuosha vyombo, alikuja jikoni akasimama mlangoni. Mizuho akamwomba abaki. Hakupamba maneno. Alisema tu, Baba, usiende.

Mzee alitazama sakafu. Alisema Fumie amelala ukumbini miezi mitatu ili chumba kitengenezwe na kupakwa rangi, na mkwe wake amejikata kidole kwa vigae vile. "Nimwambie nini? Ang'oe?" Akasema Agosti atakuja, siku za kuwakaribisha marehemu, mke wake hawezi kurudi nyumbani asimkute. Kisha, alipokwisha kugeuka kuondoka, akarudi hatua moja.

"Ungeninong'oneza tu siku ile," alisema. "Ningengoja mama yako aondoke. Alikaa siku tatu. Siku tatu ningeshindwa?"

Hilo ndilo Mizuho alilobaki nalo. Siku tatu. Alisimama na sahani mkononi mpaka maji ya sinki yakapoa.

Jumamosi waliondoka saa nne, kabla ya jua kali. Mzee alikuwa na masanduku mawili na picha ya mkewe aliyoishika mapajani. Sayo alikimbia nyuma ya gari mpaka kwenye kona ya duka la mchele, akarudi akihema, akasema babu amepunga mkono mara saba. Yasuhiko alikwenda kufungua madirisha ya chumba cha baba yake, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka hakumlaumu mkewe. Alimwambia tu kwamba Agosti si mbali, na kwamba kuna treni hata kabla ya Agosti, akitaka. Mizuho alisema anataka. Akaandika siku kwenye kalenda kwa penseli.

Jumapili jioni ilinyesha. Hapakuwa na hamu ya samaki, kwa hiyo Mizuho alichemsha maji na kipande cha mwani, akatupia kabichi na uyoga, akachukua tofu na kuiweka kwenye kiganja. Akaipitishia kisu humo humo kiganjani kama alivyozoea, mara moja kwa urefu, mara moja kwa upana, akaiteremsha taratibu kwenye sufuria isivunjike. Ilipopata moto akapakua. Aliweka kila bakuli mahali pake mezani, akapangusa mikono, akamwita Yasuhiko.

Sayo alikuwa ameshakaa. Aliangalia bakuli moja baada ya jingine, akaangalia lile lililowekwa mahali pa babu, akamwangalia mama yake.

"Mama, sisi tuko watatu."