Basilisa Amerudi Nyumbani

...asirudie kusoma tena ukurasa ule wa mwisho, Mungu wangu, aweke sahihi tu, nimalize kola hii kabla pasi haijapoa, maana hata Jamhuri yetu, pamoja na bendera zake mpya, bado inasema kitabu cha mke hakichapwi bila sahihi ya mume, na mume wangu Eulogio ameketi mezani, kalamu mkononi, mkataba mbele yake, mswada wangu chini ya kiwiko, na shati hili ndilo atakalovaa mchana huu kuwahutubia wanawake wa kiwanda cha sigara, ndugu zangu, kateni minyororo!, watampigia makofi mpaka mtaa wetu wote wa Lavapiés usikie, mimi hajawahi kuniita ndugu... "Práxedes, hizo dengu haziungui?" Haziungui... miaka minne nimeandika kwenye meza hiyohiyo, pembeni ya makombo yake ya mkate, Basilisa wangu wa kitabuni akisokota sigara mchana na kufua soksi za mume jioni, mume mpigania haki asiyejua hata maji ya kunywa yanakaa wapi, nikaogopa kwamba Eulogio atajiona humo... "Huyu mwanaume wako bwege kweli!" anacheka, "eti kikombe chake mwenyewe hajui kilipo! Hebu niletee kahawa, mama." Nyani haoni kundule... "Ila mwisho umenoga. Mke anaondoka, halafu anarudi kwake. Hapo nimekuvulia kofia, kitabu kina adabu." Kina adabu... anarudi... lakini Basilisa hakurudi, nilipomwandika mara ya kwanza alipanda ngazi mpaka chumba cha rafiki yake, akafunga mlango, akavua viatu, nikalia kwa furaha peke yangu hapa jikoni, kisha nikaikumbuka sahihi, nikamteremsha ngazi mwenyewe, kwa mkono huu ulioshika pasi, nikamfunga aproni... Eulogio hakuniomba, jamani, nilimpa mwisho huo kabla hajaomba, na hilo ndilo linaloniuma... ukurasa wa mwisho ule nilioandika kwanza ninao, chini ya kopo la unga, nikiupeleka kwa mchapaji Eulogio ataifuta sahihi yake, sheria inamruhusu, na kitabu kitakufa, basi kife na mlango wake umefungwa... kalamu bado iko hewani, hajaandika kitu, naona aibu, naogopa, nageuza kola upande wa pili... "Kahawa, Práxedes!" Nakuja, nasema, nakuja, mimi nakuja, lakini Basilisa haji.